Kusafiri Polepole Nchini Malawi: Mlaji Ajue Nini Kabla ya Kulipa

Katika mwaka 2024 Tanzania ilipokea watalii wa kimataifa zaidi ya milioni 2. Wageni hao wamezoeleka mno Arusha, Moshi na Unguja, hata huduma zimejipanga kuwafuata: magari yanasubiri, vyumba vipo vya kila bei, na boti ikiondoka kuna nyingine nyuma yake. Lakini msafiri akifika Kyela na kuvuka Mto Songwe, anaingia nchi ya namna nyingine. Malawi ina ziwa lile lile tunaloliita Nyasa (wao huliita Ziwa Malawi, na si vibaya mgeni kulitaja kwa jina la mwenyeji wake). Ina milima, ina hifadhi za wanyama, ina historia ndefu inayogusana na yetu. Ila watalii wake ni wachache, vyombo vya usafiri ni vichache, na siku huenda kwa mwendo wake.

Kwa mtu anayetafuta mapumziko, utulivu huo ndio bidhaa yenyewe. Nasi tunaona ni bidhaa nzuri, tena iliyo karibu: kutoka Mbeya hadi mpaka wa Kasumulu ni mwendo wa asubuhi moja, kupitia Tukuyu na migomba yake. Makala hii haikukusudiwa kumkatisha tamaa mtu yeyote. Imeandikwa kwa ajili ya mlaji ambaye amejiwekea akiba kwa miezi kadhaa na sasa anaulizwa na wakala alipe safari nzima kwa mkupuo mmoja.

Hoja yetu ni hii. Mahali penye watalii wengi, mlaji huumizwa zaidi na bei ya juu na msongamano. Mahali patulivu huumizwa na jambo jingine: kulipia mapema ratiba iliyobanwa ambayo nchi yenyewe haiwezi kuitimiza. Meli ikichelewa Unguja, msafiri hupoteza saa mbili. Meli ikichelewa Nkhata Bay, anaweza kupoteza wiki, na pamoja nayo kila kitu alichokilipia baada ya siku hiyo.

Tuchukue mfano. Familia ya watu wanne inalipia siku saba: usiku mmoja Karonga, miwili Nkhata Bay, mitatu katika kisiwa cha Likoma. Fedha yote imo mkononi mwa wakala kabla ya safari. Meli inachelewa siku mbili. Chumba cha Likoma kinahesabiwa kuwa kimetumika ingawa hakuna aliyekilalia, na Nkhata Bay familia inalazimika kulipia vitanda ambavyo havikuwa katika bajeti. Hakuna mwizi katika kisa hiki. Mwenye nyumba ya wageni amekitunza chumba kama alivyoahidi, mwenye meli hakuahidi saa, na wakala ataonyesha mahali alipoandika kwamba usafiri wa majini hauko katika mamlaka yake. Hasara yote imemwangukia mlaji, kwa sababu mkataba ulinyamaza palipohitajika kusema.

Nchi yenyewe na mwendo wake

Yapo mambo ya kuona, na yote yanampa zaidi yule asiye na haraka. Karonga, mji wa kwanza mkubwa baada ya mpaka, una makumbusho madogo yenye mfano wa mifupa ya Malawisaurus, mjusi mkubwa wa kale ambaye mabaki yake yalichimbuliwa katika wilaya hiyo. Sisi ambao mijusi wetu wa Tendaguru walipelekwa Berlin tunaweza kusimama hapo kitambo. Karonga ndiko pia alikoishi Mlozi, mfanyabiashara Mswahili aliyepigana na kampuni ya Waingereza ya maziwa kuanzia mwaka 1887, akanyongwa Desemba 1895. Historia yake haipendezi, kwani biashara yake ilikuwa ya pembe na ya watu. Lakini ni historia ya pwani yetu iliyofika mbali, na wenyeji wanaikumbuka. Wangonde wa hapo ni ndugu wa Wanyakyusa, kwa hiyo msafiri kutoka Rungwe au Kyela ataelewana nao kwa namna ambayo mtu wa Dar es Salaam hataweza.

Kusini zaidi, barabara inayopanda kutoka Chitimba hadi Livingstonia ina kona kali 20 hivi. Juu yake kuna misheni ya Waskoti iliyohamia hapo mwaka 1894 chini ya Robert Laws, baada ya kushindwa na malaria katika maeneo mawili ya ufukoni. Wapo wanaoipanda kwa miguu. Ni siku nzima, na ukiwa juu unaliona ziwa mpaka milima ya upande wa Tanzania.

Likoma ni kisiwa kidogo cha Malawi kilichozungukwa na maji ya Msumbiji. Kanisa lake kuu la Mtakatifu Petro lilijengwa kati ya 1903 na 1911 na Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati, ile ile iliyojenga kanisa la Mkunazini, Unguja, mahali palipokuwa soko la watumwa. Mtu akikaa Likoma siku moja atapiga picha ya kanisa na kuondoka. Akikaa siku nne ataanza kujua ni saa ngapi wavuvi wa usipa hurudi, na ni nani anayepika samaki vizuri. Neno la tahadhari: pwani ya Msumbiji inaonekana kwa macho kutoka kisiwani, na wenye boti hujitolea kuwavusha wageni. Huko ni nchi nyingine. Usivuke bila pasipoti na bila kugongewa muhuri.

Nkhotakota, katikati ya pwani ya ziwa, ilianzishwa kama kituo cha biashara na Salim bin Abdallah, mtu wa pwani, katika miaka ya 1840. Warithi wake waliitwa Jumbe. Majahazi yalivusha mateka hadi upande wa mashariki, na kutoka hapo waliendeshwa kwa miguu hadi Kilwa. Uislamu ulioingia kwa njia hiyo ungalipo. Kuhusu hifadhi za wanyama, kama Nyika na Liwonde, tunasema machache tu: ni nzuri, lakini kulala ndani yake kuna gharama, na Mtanzania anayetaka wanyama wengi kwa fedha kidogo atafaidi zaidi Mikumi au Ruaha.

Meli ya Ilala

Hapa tunakaa kidogo, kwa kuwa ndipo safari nyingi zinapoharibika.

MV Ilala imefanya kazi ziwani tangu mwaka 1951. Iliundwa Scotland, ikaletwa vipande vipande na kuunganishwa huku. Jina lake halihusiani na manispaa ya Dar es Salaam. Ni la nchi ya Ilala, katika Zambia ya leo, ulikozikwa moyo wa Livingstone. Kwa desturi hufanya mzunguko mmoja kwa wiki kati ya Monkey Bay, kusini, na Chilumba, kaskazini, ikipitia Nkhotakota, Likoma, Chizumulu na Nkhata Bay. Hubeba abiria, mahindi, samaki wakavu, baiskeli, magodoro na mbuzi. Kwa vijiji kadhaa vya kaskazini visivyo na barabara, meli hii si kivutio cha utalii bali ndiyo njia. Mtalii anayelalamika kwamba imekawia kupakia magunia akumbuke kwamba meli ilikuja kwa ajili ya hayo magunia.

Ratiba yake hubadilika. Kuna vipindi husimamishwa kwa matengenezo, na kuna siku upepo huiamulia. Kwa hiyo tunamshauri mlaji asinunue safari yoyote ambamo meli hii imewekwa katika siku mbili za mwisho kabla ya kurudi nyumbani. Iwekwe mwanzoni, na baada yake ziachwe siku wazi. Mtu mwenye likizo ya siku saba tu tunamwambia waziwazi: achague ama Likoma ama Livingstonia, si vyote viwili.

Tiketi za meli zina madaraja. Kuna vyumba vichache vya kulala, sitaha ya juu yenye hewa, na sehemu ya chini ambayo hujaa sana. Wakala akikuuzia "tiketi ya meli" bila kutaja daraja, mwulize na umtake aandike. Tofauti ya bei kati ya juu na chini ni kubwa, na mlaji aliyelipia chumba akapelekwa chini ana madai halali, iwapo tu neno "chumba" limeandikwa mahali fulani.

Katika vituo kadhaa meli hutia nanga mbali na ufuko na abiria hushushwa kwa boti ndogo, wakati mwingine usiku. Ulizia jaketi la kuokolea maisha kabla hujaingia botini. Boti ikiwa imejaa, subiri ya pili. Upepo wa kusini-mashariki, ambao kule pia huitwa mwera, huvuma kwa nguvu hasa kati ya Mei na Agosti, miezi ile ile inayosifiwa kwa ukavu na ubaridi wake. Ziwa hili lina kina cha mita 700 hivi. Lisichukuliwe kama bwawa. Nkhata Bay inatazamana na Mbamba Bay ya kwetu ng'ambo ya maji, na msafiri hushawishika kukatiza moja kwa moja. Kama chombo cha abiria kilichosajiliwa kinafanya safari hiyo, mamlaka ya bandari itakwambia. Kama hakuna, usikodi mtumbwi.

Fedha

Fedha ya Malawi ni kwacha. Nchi imekuwa na uhaba mkubwa wa fedha za kigeni, na jambo hilo humgusa msafiri kwa njia nyingi kuliko anavyotarajia. Novemba 2023 dola moja ya Marekani ilipandishwa kwa siku moja kutoka kiasi cha kwacha 1,180 hadi kiasi cha 1,700. Mtu aliyekubaliana bei kwa kwacha juma moja kabla alipata nafuu. Aliyekuwa ameshabadilisha fedha zake zote aliumia. Tunajifunza hapo kwamba mlaji abadilishe kidogo kidogo, kadiri anavyotumia, wala asirudi nyumbani na kwacha nyingi, kwa kuwa nje ya Malawi ni vigumu kupata wa kuzinunua.

Kwa sababu ya uhaba huo, bei ya dola benki na bei ya dola mtaani hutofautiana. Mpakani utazungukwa na vijana wenye vibunda vya noti kabla hujagongewa muhuri. Kubadilisha fedha kwa mtu asiye na kibali ni kosa kwa sheria ya Malawi, na mgeni akikamatwa hana pa kujitetea. Mbali na sheria, ndipo hila za kale zinapochezwa: noti iliyokunjwa katikati ikahesabiwa mara mbili, kikokotoo kilichochezewa, fujo inayozuka ghafla wakati wa kuhesabu. Benki na maduka yenye leseni yapo Karonga na Mzuzu. Shilingi ya Tanzania hupata mnunuzi kwa urahisi karibu na mpaka. Kadiri uendavyo kusini, hamu hiyo hupungua.

Baadhi ya nyumba za wageni hutaja bei kwa dola lakini hupokea kwacha. Hapo swali la lazima ni hili: kwa kiwango gani, cha benki au cha mwenye nyumba? Liulize kabla ya kuweka mzigo chini, wala si asubuhi ya kuondoka. Ukilipa kwa kadi, benki yako hubadilisha kwa kiwango rasmi na kuongeza ada yake. Mara nyingi ndiyo njia ghali zaidi, lakini huacha kumbukumbu, na kumbukumbu ina thamani yake ikitokea mzozo. Usidhani kwamba akaunti yako ya pesa za simu ya Tanzania itafanya kazi huko kama inavyofanya nyumbani, wala kwamba nauli za mawasiliano ni kama za Kenya au Uganda. Malawi haimo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki.

Na hapa nyumbani, wakala aliyeko Tanzania anapaswa kukutajia bei kwa shilingi. Kanuni za mwaka 2025 zinakataza kutangaza au kudai bei kwa fedha za kigeni kwa bidhaa na huduma zinazouzwa nchini. Akisema kwamba safari za nje lazima zilipwe kwa dola, hilo peke yake ni sababu ya kumtilia shaka.

Mkataba na wakala

Anayefanya biashara ya utalii Tanzania anatakiwa kuwa na leseni chini ya Sheria ya Utalii ya mwaka 2008. Omba kuiona, na angalia kama muda wake haujaisha. Ukurasa mzuri wa mtandaoni na picha za machweo si leseni. Dai risiti ya EFD kwa kila malipo, hata ya awali. Mtu anayekuomba utume fedha kwenye namba binafsi ya simu kwa ahadi ya kukupa risiti baadaye anakuandalia kesi ambayo hutaweza kuithibitisha.

Gawanya malipo. Katika nchi yenye mabadiliko mengi, hatuoni sababu ya mlaji kulipa asilimia mia kabla ya kuondoka. Lipia usafiri wa kwenda na usiku wa kwanza au wa pili. Vingine vilipiwe vinapofikiwa. Nje ya msimu wa Krismasi na Pasaka, vyumba vya kawaida Nkhata Bay na Karonga si vya kugombaniwa, na mgeni anayefika kwa miguu yake huweza kuangalia chandarua, choo na maji kabla ya kukubali. Wakala wa kweli hatakataa mpango huo, ingawa huenda akapunguza punguzo alilokupa. Lipokee hilo. Punguzo la asilimia kumi halilingani na usiku mitatu iliyopotea.

Mkataba useme nani anabeba gharama ikiwa meli haikuja, barabara imekatika kwa mvua, au mafuta hayapatikani. Hilo la mafuta si la kufikirika: Malawi imepitia vipindi vya uhaba wa petroli na dizeli, foleni zikakesha vituoni na nauli za mabasi madogo zikapanda. Uandike pia ndani ya siku ngapi fedha zitarejeshwa na kwa njia gani. Maneno "nguvu zilizo nje ya uwezo wetu" yakitumiwa bila maelezo huweza kumezea kila kitu, hata uzembe. Taka yafafanuliwe. Na kama tangazo lilisema "hoteli ya ufukoni", nakala ya tangazo hilo iambatanishwe, kwa sababu Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na tangazo ndilo ushahidi wa kwanza.

Wapo watakaouliza kama si afadhali kwenda bila wakala kabisa. Kwa mtu mzima mwenye afya, anayeweza kujieleza kwa Kiingereza kidogo na mwenye siku za kutosha, jibu letu ni ndiyo. Kaskazini mwa Malawi ni rahisi kusafiri kwa basi, na watu wake hawana tabia ya kumzonga mgeni. Kwa familia yenye watoto wadogo au wazee, wakala mwenye leseni na mkataba ulioandikwa vizuri ana faida.

Njiani na mpakani

Beba pasipoti. Kitambulisho cha taifa hakitoshi, hata kama kilikufikisha mahali pengine bila matatizo. Raia wa Tanzania kwa kawaida hahitaji viza kwa matembezi mafupi, lakini masharti ya nchi hubadilika. Ubalozi wa Malawi ulioko Dar es Salaam utakuthibitishia. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano nacho kiwe mkononi, kwa maana ofisa wa afya akikiuliza, mabishano ya kitaalamu kuhusu nani anakihitaji hayatalipeleka basi mbele.

Watu huchanganya cheti hicho na kitu kingine kabisa. Mwenye gari lake anahitaji Kadi ya Njano ya COMESA, ambayo ni bima ya kuvuka mpaka inayogharimia madhara kwa watu wengine. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000 lakini imebaki katika mpango huu wa bima, na kampuni za bima za hapa huitoa. Inunue kabla ya safari kutoka kwa kampuni yenyewe au wakala wake aliyesajiliwa. Ya vichochoroni mpakani inaweza kuwa karatasi tu. Dereva wa kukodiwa pia akuonyeshe yake.

Saa za Malawi ziko nyuma ya zetu kwa saa moja. Tena wao huhesabu saa kama tarakimu zinavyosomeka, si kuanzia mapambazuko kama sisi. Basi linaloondoka Karonga saa 6:00 asubuhi kwa hesabu yao linaondoka saa moja asubuhi kwa Mtanzania ambaye hakurekebisha saa yake ya mkononi. Mwenyeji anayejua Kiswahili anaweza kukwambia "saa sita" kwa nia njema kabisa, akimaanisha alfajiri. Mwombe aandike kwa tarakimu kwenye tiketi, na ulizia kama basi huondoka kwa saa au likijaa. Mengi huondoka yakijaa. Pikapu za mizigo zinazobeba abiria, zinazoitwa matola, ni rahisi kwa nauli, lakini ajali ikitokea si rahisi kumpata wa kulipa. Hatuzishauri.

Basi la moja kwa moja kutoka Dar es Salaam hadi Lilongwe ni safari ya zaidi ya siku nzima. Kwa aliyeamua kwenda polepole, hakuna haja ya kuikamilisha kwa mkupuo. Lala Mbeya au Tukuyu, vuka mpaka asubuhi kukiwa kweupe, ule chakula cha mchana Karonga. Utaratibu huo una faida ya kibiashara pia: kila kipande cha safari kina tiketi yake, na kikiharibika kimoja hakiburuzi vingine.

Ukirudi

Malalamiko dhidi ya wakala wa Tanzania huanza kwa barua kwake yeye, yenye tarehe, ikieleza ulichoahidiwa, ulichopata na unachodai. Mpe muda uliowekwa wazi wa kujibu. Akinyamaza au akikataa bila sababu, lete nakala ya barua hiyo, mkataba, risiti na ujumbe wa simu mliobadilishana. Usiufute hata ule uliokuudhi. Kwa mabasi yanayosajiliwa hapa nchini, mlango ni LATRA. Kwa nyumba ya wageni au chombo cha Malawi, huko nako kuna sheria ya kumlinda mlaji, lakini kudai ukiwa mbali ni kazi ndefu, na ndiyo maana tumesisitiza kulipa kwa vipande.

Jambo la mwisho ni la mwili. Baadhi ya fukwe za ziwa, Cape Maclear ikiwa maarufu kwa hilo, zina kichocho. Aliyeogelea anaweza asihisi lolote kwa wiki nyingi, na vipimo hufanya kazi vizuri zaidi baada ya wiki 6 hadi 8 au zaidi tangu kuingia majini. Andika tarehe uliyoogelea, uende ukapimwe wakati huo, na umweleze daktari jina la ziwa. Dawa ipo na si ghali. Homa yoyote kabla ya hapo isisubiri: ipimwe malaria siku hiyo hiyo.